Kitakasa mikono kwenye chupa ya soda

Mtoto wa miaka mitatu hasomi lebo. Akiona chupa inayofanana na ya juisi, kwake hiyo ni juisi, na ikinukia chokoleti ndiyo kabisa.

Marekani ililiona hilo mwaka 2020. Corona ilipomaliza vitakasa mikono madukani, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya huko, FDA, iliruhusu kwa muda hata viwanda vya pombe kali kuvitengeneza, ila kwa masharti. Sharti mojawapo lilimlenga mtoto: ethanoli lazima itiwe kitu kichungu, ili anayeonja ateme. Hata hivyo, Agosti mwaka huohuo FDA ilitoa onyo kuhusu vitakasa mikono vilivyofungwa kwenye makopo ya bia, chupa za maji na hata pakiti za chakula cha watoto. Uchungu humsaidia mtoto baada ya funda la kwanza, si kabla.

Sasa mzazi, tazama jikoni kwako. Wapo wanaonunua dumu la lita tano kisha wakagawa kwenye chupa tupu za soda. Hapo kanuni zote za kiwandani zimeishia mlangoni. Kiache kwenye chombo chake, mahali pa juu.

Mtoto akikinywa, usimtapishe. Pombe inaweza kushusha sukari kwenye damu yake haraka, hivyo mkimbize hospitali. Beba na chupa: daktari atataka kujua kama ndani mna ethanoli au methanoli, ile inayopofusha macho.