MALEZI YA WATOTO: CHEMBE CHA MSHALE CHASEMA NINI?

Mtoto wa leo amezungukwa na alama tangu aamkapo hata alalapo. Zipo juu ya daftari lake, kifuani mwa shati lake la shule, juu ya fedha atumwayo nayo dukani, na juu ya mlango wa kila afisi ya serikali. Huzitazama zote, lakini ni nadra kuzisoma. Na atazamaye alama asiisome ni sawa na aliyepewa barua akaishika mkononi bila ya kuifungua.

Mwezi huu twataka kuwaonyesha wazazi, pamoja na vijana wenye wadogo wao nyumbani, jinsi alama moja tu iwezavyo kuwa somo kamili. Tumechagua alama ya mbali, nayo ni nembo ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani. Tumeichagua kwa kuwa picha zake ni nyepesi kwa mtoto, na historia iliyo nyuma yake si nyepesi hata kidogo.

Idara hiyo iliundwa tarehe 25 Agosti 1916. Mwaka 1949 wakuu wake walikuwa wakitafuta nembo itakayojulikana na watu wote, wakafanya mashindano ya uchoraji. Lakini mchoro ulioshinda haukutumika. Mwanahistoria mmoja wa idara, Bwana Aubrey Neasham, alimwandikia mkurugenzi kwamba yafaa nembo iwe sahili, na miongoni mwa mifano aliyotaja ni chembe cha mshale, yaani kile kichwa cha jiwe kitiwacho nchani mwa mshale. Shauri hilo likashika. Nembo mpya iliidhinishwa tarehe 20 Julai 1951 na Bwana Oscar Chapman, Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye katika nchi hiyo ndiye mwenye dhamana ya hifadhi.

Sasa, mzazi amketishe mtoto, amwekee picha ya nembo hiyo mbele yake, na amwulize maswali matatu kwa utaratibu, asiruke hata moja.

Swali la kwanza: Waona nini? Hapa mtoto asisaidiwe. Ataona chembe cha mshale chenye rangi ya hudhurungi, ncha yake imeelekea chini. Ndani yake ataona mti mrefu, mlima wenye theluji, maji, na mnyama mweupe mwenye nundu. Pengine atasema ni mbogo. Basi aambiwe kwamba huyo ni nyati wa Marekani, mwenye manyoya mazito ya kumkinga na baridi kali, wala si yule mbogo wa nchi zetu.

Swali la pili: Kila kitu chasimamia nini? Mti huo ni msekwoya, nao wasimamia mimea yote ya hifadhi. Nyati asimamia wanyama. Mlima na maji vyasimamia uzuri wa nchi na mahali pa watu kupumzikia. Chembe cha mshale, kilichovizunguka vyote, chasimamia historia na mabaki ya watu wa kale. Mtoto ataona mara moja kwamba mchoraji hakuweza kuchora kila mti na kila mnyama, akachagua mmoja usemee wengine. Na hiyo ndiyo maana ya nembo.

Wengi wetu huishia hapo, mtoto akasifiwa na kitabu kikafungwa. Lakini somo lenyewe limo katika swali la tatu, nalo ni hili: Je, jambo lisemwalo na alama ni kweli?

Na tuanze na nyati. Mwanzoni mwa karne ya 19 wanyama hao walikuwa makumi ya milioni katika nyanda za Marekani. Wawindaji wakawamaliza kwa bunduki kwa ajili ya ngozi zao, na wapo wakubwa wa jeshi waliofurahia jambo hilo, kwa kuwa wenyeji waliotegemea nyama yake wangelazimika kusalimu amri. Ilipofika mwaka 1902, katika hifadhi ya Yellowstone, ambayo ndiyo ya kwanza na ilianzishwa mwaka 1872, palikuwa na nyati wa mwituni wapatao dazeni mbili tu. Mwaka huohuo wakanunuliwa wengine 21 kutoka kwa watu waliokuwa wakiwafuga, wakalelewa humo kwa uangalizi, na leo wapo maelfu. Basi yule mnyama katika nembo ni mnyama aliyeponea chupuchupu.

Na tuje kwenye msekwoya. Mmoja katika miti hiyo, uitwao General Sherman, una urefu wa mita 83 hivi na umri upitao miaka 2,000. Gome lake nene huukinga na moto wa kawaida. Na moto huo huo huzifungua koni zake zipate kumwaga mbegu. Lakini katika mioto mikali ya mwaka 2020 na 2021 maelfu ya misekwoya mikubwa iliteketea, hata ikabidi watu wa hifadhi waufunge General Sherman shinani kwa karatasi za madini zizuiazo moto. Mti uliochorwa kuwa ishara ya kudumu, leo wenyewe wahitaji kulindwa.

Mwisho ni chembe cha mshale. Ndani ya Yellowstone liko jabali la jiwe jeusi la volkano, ling'aalo kama kioo. Wenyeji wa asili walichimba jiwe hilo kwa zaidi ya miaka 11,000, wakachonga vyembe na visu, na vipande vyake vimeonekana hata Ohio, mwendo wa kilomita zaidi ya 2,000. Lakini sheria ya mwaka 1872 iliyoifanya nchi ile kuwa hifadhi ilimhesabu kila atakayekaa humo kuwa mvamizi wa kuondolewa, na katika miaka ya 1870 jamaa za Washoshone walioishi milimani mle waliondolewa wakapelekwa kwenye maeneo waliyotengewa. Kwa hiyo kazi ya mikono ya watu wale ikatukuzwa juu ya nembo, na wenyewe walikwisha kutolewa majumbani mwao. Mtoto asipoambiwa jambo hili, atakuwa amejifunza picha tu.

Tunajua wako wazazi watakaosema: Mtoto ni mdogo, kwa nini tumtie huzuni? Twawajibu kwamba ukweli husemwa kwa kadiri ya umri, lakini hausemwi nusu. Mtoto aliyepewa nusu ya habari ataipata nusu ya pili kwa wengine atakapokua; na siku hiyo hataitilia shaka nembo peke yake, atatutilia shaka na sisi tuliomfundisha.

Wako na wengine wa upande wa pili, hasa vijana, watakaosema: Kumbe alama zote ni uwongo! Hilo nalo si sawa. Aliyeiidhinisha nembo mwaka 1951 hakuandika kwamba kila kitu kimekwisha kutimia. Nembo hutaja kile ambacho mwenye nayo amejitwika kukilinda. Waliowaokoa nyati walitimiza sehemu yao. Waliowaondoa Washoshone waliacha deni, na deni hilo halifutiki kwa kuchora chembe chao. Wahenga wetu wamesema, ahadi ni deni. Afundishwaye kusoma alama hivi hatakuwa mwepesi wa kudanganyika, wala hatakuwa mwepesi wa kudharau.

Baada ya somo, mzazi ampe mtoto karatasi na kalamu, amwambie: Chora nembo ya nyumba yetu. Huenda akachora mlango ulio wazi kwa wageni, au kitabu, au sahani moja iliyozungukwa na mikono mingi. Asikosolewe kwa mistari kupinda. Kisha na aulizwe yale maswali matatu: Umechora nini? Chasimamia nini? Na je, ni kweli? Akichora mlango ulio wazi, na jirani mwenye shida alirudishwa juzi mlangoni hapo hapo, basi si mtoto peke yake atakayekuwa na jibu la kutafuta.

Hapo ndipo wazazi watakapotambua kwamba somo hili lina wanafunzi wawili, mkubwa na mdogo. Tusiogope. Mtoto akitusahihisha kwa adabu, tujue kwamba amekwisha kusoma. Na iliyobaki ni kazi yetu, kuifanya nyumba ifanane na mchoro wake.