Noble Johnson: Mchezaji Aliyetaka Picha za Heshima

Bwana Noble Johnson, Mmarekani Mweusi, alizaliwa mwaka 1881. Alipoanza kucheza katika sinema, watu weusi walionyeshwa kama wajinga wa kuchekwa. Basi mwaka 1916 yeye na wenziwe waliunda kampuni ya Lincoln, naye akawa mkuu wake. Katika picha yao ya kwanza alicheza yeye mwenyewe kama kijana mhandisi, mhitimu wa Tuskegee, aliyevumbua mafuta ya ardhini.

Lakini riziki yake ilitoka kwa kampuni kubwa ya Universal, nayo haikupenda mchezaji wake awe mshindani wake. Mshika mbili moja humponyoka: akaiacha Lincoln. Kampuni hiyo ilitoa picha yake ya mwisho mwaka 1921. Walakini njia aliyoifungua haikuzibwa tena.