Malalamishi yakipungua, je, hospitali imepona?

Huenda umewahi kuketi kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri, mtoto akiwaka joto mapajani, ukaona tangazo ukutani kwamba huduma zimeimarika na malalamishi yamepungua kuliko mwezi uliopita. Ukajiuliza: zimeimarika kwa nani?

Mimi ni daktari na ripoti za aina hiyo nimezisoma miaka mingi. Nyingi hazisemi uongo. Kosa lake ni kulinganisha visivyolingana.

Chukua majira. Hapa Skuta, na Nyeri kwa jumla, miezi ya Juni hadi Agosti huwa ya baridi na ukungu. Watoto na wazee huja na kikohozi, mafua na nimonia, na foleni hurefuka. Ukilinganisha Julai na Aprili utawalaumu wauguzi bure. Ukilinganisha Septemba na Julai, mkubwa atajisifu kwa kazi iliyofanywa na jua. Julai ilinganishwe na Julai ya mwaka uliotangulia.

Hata hivyo, mwaka nao hudanganya. Mnamo Machi 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma, na mgomo ukadumu siku 56. Mgonjwa aliyerudi nyumbani bila kutibiwa hakuandika malalamishi yoyote. Anayelinganisha Aprili 2025 na Aprili 2024 bila kutaja mgomo huo anawapotosha watu.

Nyeri tuna funzo jingine. Mnamo Desemba 2018 kaunti yetu, pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos, ilianza majaribio ya mpango wa afya kwa wote. Ada ziliondolewa katika hospitali za kaunti, na waliokuwa wakiugulia nyumbani kwa kukosa pesa wakapata njia ya kuja. Foleni ikirefuka kwa sababu kama hiyo, je, huduma zimezorota? La. Ndiyo maana malalamishi yapaswa kuhesabiwa kwa kila wagonjwa 1,000. Tuseme yalikuwa 20 kati ya wagonjwa 2,000, kisha yakawa 30 kati ya 5,000. Idadi imepanda, lakini kiwango kimeshuka kutoka 10 hadi 6.

Jihadhari pia na asilimia. Malalamishi 2 yakiwa 4, yameongezeka kwa asilimia 100, ilhali walioongezeka ni watu wawili tu. Wastani nao huficha mengi. Wagonjwa 9 wakingoja dakika 20 kila mmoja, na wa kumi akingoja saa 5, wastani ni dakika 48. Huenda huyo wa kumi ndiye aliyekuwa mahututi.

Niliwahi kufanya kazi katika kituo ambapo malalamishi yalifika sufuri. Tulifurahi, hadi tulipogundua kuwa kisanduku cha maoni kilikuwa kimehamishiwa chumba kinachofungwa kwa kufuli.

Kwa maoni yangu, kila ripoti inayobandikwa ukutani yafaa ijibu maswali manne: inalinganisha vipindi gani, wangapi walihudumiwa, nini kilibadilika kati ya vipindi hivyo, na aliyengoja zaidi alingoja muda gani.

Nawe msomaji, siku ukienda hospitali, andika saa uliyofika na saa uliyomwona daktari, kisha utie karatasi hiyo kisandukuni. Ukinyamaza, ukimya wako utahesabiwa kuwa shukrani.