Mafuta Yana Kesi ya Kujibu

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba mafuta hudhuru moyo tu, figo hayaigusi, amepotosha. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1, na vikifa havioti tena. Chipsi na vyakula vya kukaanga kila siku huleta unene. Unene hukaribisha kisukari na shinikizo la damu, magonjwa yanayoongoza duniani kwa kuharibu figo.

Anauliza mbona walaji hawaumwi. Figo huharibika kimyakimya. Dalili huja maji yamezidi unga. Hapo mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, mara nyingi siku 3 kwa wiki.

Ndugu msomaji, punguza kukaanga, chemsha zaidi, kisha kapime presha, sukari na mkojo. Usisubiri maumivu.