Njia za Miguu za Umatengo Zitunzwe

Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imewapunguzia wananchi adha kubwa ya usafiri. Lakini lami haikuondoa haja ya njia za miguu. Huko Mapera na katika vijiji vingine vya milima ya Umatengo, wanafunzi wangali wakienda shule kwa miguu na wakulima wakifika mashambani kwa miguu.

Wapo wanaodhani kwamba kupanda milima na shanta mgongoni ni anasa ya wageni, na kwamba mwenyeji hutembea kwa sababu ya umaskini tu. Dhana hiyo ni potofu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Hakukosa gari.

Hatari inayozikabili njia za Umatengo ni njia ya mkato. Wazee walizipitisha njia zao kwa kuzungukazunguka ubavuni mwa mlima, tena kwa sababu. Mtu mwenye haraka anaposhuka moja kwa moja, mvua hufuata nyayo zake, na baada ya misimu michache unyayo huwa mfereji, na mfereji huwa korongo. Korongo hilo huingia katika ngolo za jirani.

Ngolo ni hazina. Majani hufyekwa na kulazwa kwa miraba, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunika majani hayo. Shimo linalobaki huzuia maji ya mvua yasikimbie na rutuba. Kwa ustadi huo Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi. Kazi hiyo isiharibiwe na uvivu wa hatua mia mbili.

Serikali za vijiji hazina budi kuziba njia za mkato na kuzitengeneza njia halali kabla ya masika. Walimu nao wawatoe wanafunzi darasani, wazitembee njia hizo na kuzichora ramani. Hapo jiografia itasomwa kwa macho na kwa miguu. Watumishi wa ugani wafike mashambani badala ya kungoja taarifa ofisini.

Msafiri naye ajiandae. Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 470 juu ya usawa wa bahari, na milima hupita mita 1,500. Hivyo safari moja ina baridi na joto. Viatu vyenye meno, fimbo, maji, sweta na koti la mvua vyatosha. Mgeni atafute mwenyeji wa kumwongoza, amlipe haki yake, wala asikanyage ngolo.

Njia ya miguu haigharimu fedha nyingi kuitunza. Ikiachwa ikawa korongo, gharama yake ni shamba la mtu.