MUME SI OFISA WA UHAMIAJI

Mzazi mmoja ametuletea barua ambayo hatuwezi kuichapa yote, kwa kumstahi binti yake. Binti huyo aliolewa na raia wa Marekani akamfuata huko. Sasa anapigwa. Kila akitaka kwenda polisi, mumewe humwambia, "Nenda, kesho watakupakia ndege urudi kwenu." Mzazi anauliza: je, amwambie mwanawe avumilie mpaka apate hati ya ukaazi?

Jibu letu ni hapana, na tungependa wazazi wengine wenye watoto ng'ambo walisikie.

Ieleweke kwamba mume hana mamlaka ya kumfukuza mtu Marekani. Ni kweli kuwa kwa kawaida yeye ndiye humwombea mkewe ukaazi, na hapo ndipo wanaume wengine walipopata fimbo ya pili. Lakini sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1994 inamruhusu mke anayeteswa na mume aliye raia, au mwenye ukaazi wa kudumu, ajiombee mwenyewe. Mume haombwi sahihi wala haarifiwi. Tangu 1996 maofisa wa uhamiaji wamekatazwa kumfichulia habari za ombi hilo, au kulikataa kwa kutegemea maneno yake peke yake. Si lazima mke awe amevunjwa mkono. Ukatili uliokithiri usio wa ngumi nao huhesabiwa. Mume anayepigwa na mkewe (tusicheke, wapo) analindwa vilevile. Ila talaka ikishatoka, muda wa kupeleka ombi ni miaka miwili tu, tena lazima ionyeshwe kuwa talaka hiyo ilihusiana na mateso. Kwa hiyo huko kuvumilia kunaweza kumponza.

Sheria hiyo ina pengo, nalo linawagusa watu wetu. Wake wengi hufuata waume waliokwenda kusoma au kufanya kazi kwa viza ya muda. Hao mlango huo hauwahusu. Wanabakiwa na viza iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa waliotendewa uhalifu, nayo hudai polisi au chombo kingine cha sheria kithibitishe kuwa mwombaji anawasaidia katika kesi. Hutolewa kwa watu 10,000 tu kwa mwaka, mbali na jamaa zao, na waombaji husubiri kwa miaka. Ubalozi wetu ungefanya vema kuwaeleza wanawake hawa mambo hayo kwa Kiswahili mapema, kabla hawajachukua viza, si baada ya kilio.

Binti aonane na wakili wa uhamiaji. Vipo vyama huko vinavyosaidia bila malipo. Akusanye cheti cha ndoa, karatasi za polisi na hospitali kama zipo, na chochote kinachoonyesha waliishi pamoja kwa ndoa ya kweli. Maelezo ya kiapo ya jamaa nayo hupokewa. Mzazi aliyetuandikia anasema anao ujumbe wa binti yake kwenye simu, wa usiku ule aliofungiwa nje. Asiufute.