Mama Caroline na Safari za Gari la Turubai

Mwezi huu tunaweka kando kidogo mambo ya chanjo na lishe, tukae kama watu wanaochambua mchele, tuzungumze habari za wazee wetu.

Kila ukoo una mtu wake wa kwanza, yule aliyefyeka pori akajenga kibanda mahali ambapo hapakuwa na jirani. Mara nyingi tunatajiwa babu. Ukoo unaitwa kwa jina lake, na pengine kijiji pia. Lakini bibi aliyekuwa ndani ya kibanda kile, akipika, akinyonyesha na kuuguza, jina lake nani analikumbuka?

Kwa sababu hiyo tumechagua kuwasimulia habari za mama mmoja wa Marekani ambaye maisha yake yanajulikana vizuri. Jina lake Caroline Ingalls. Tukimwangalia yeye, huenda tukawakumbuka na bibi zetu.

Mtoto wa mjane

Caroline Quiner alizaliwa tarehe 12 Desemba 1839 katika jimbo la Wisconsin. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, baba yake alikufa maji katika Ziwa Michigan. Mama yake akabaki mjane mwenye watoto wadogo, na njaa wakaijua. Pamoja na hayo, mama yule hakuwaacha watoto bila kusoma, na Caroline alipokuwa msichana akawa mwalimu wa shule.

Tarehe 1 Februari 1860 aliolewa na Charles Ingalls, kijana wa jirani. Familia hizo mbili zilipendana kweli kweli, maana ndoa tatu zilifungwa kati yao. Charles alikuwa mchapakazi, mwindaji na mpiga fidla, tena baba mwenye upendo. Lakini alikuwa na jambo moja: miguu yake haikutulia. Akiona majirani wameongezeka, moyo wake unatamani kwenda mbele, upande wa magharibi, kwenye ardhi mpya.

Basi Caroline akafunga mizigo. Wengi wetu tunajua maana ya kuhamishwa. Mume anapata uhamisho au shamba jipya, na wewe unaacha mama yako, rafiki zako na bustani yako ya mboga, unaanza upya kuuliza maji yanachotwa wapi. Caroline alifanya hivyo mara nyingi, ndani ya gari la kukokotwa na farasi lililofunikwa kwa turubai, akiwa na watoto wadogo. Binti yake anasimulia kwamba mama alikuwa na sanamu ndogo ya kauri, ya msichana mchunga kondoo. Nyumba ikishakuwa nyumba kweli, ndipo aliitoa na kuiweka juu ya rafu. Watoto wakiiona hapo walijua kwamba sasa wamefika.

Kansas: homa, na ardhi ya wenyewe

Mwaka 1869 walifika Kansas, karibu na mji wa Independence, wakiwa na mabinti wawili, Mary na Laura. Wakajenga nyumba ya magogo. Hapo familia nzima iliugua homa ya kutetemeka, hata hapakuwa na wa kumpa mwenzake maji. Ilikuwa malaria. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mwenezaji, na wengine walidhani ugonjwa unatokana na kula matikiti maji. Ronald Ross alithibitisha habari za mbu mwaka 1897, miaka mingi baadaye. Daktari aliyewatibu kwa kwinini aliitwa George Tann, mtu mweusi aliyekuwa akiwahudumia Wahindi wa kabila la Osage. Ndiye pia aliyemzalisha Caroline mtoto wa tatu, Carrie, tarehe 3 Agosti 1870.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Ardhi ile haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa nchi ya Waosage, na walowezi waliingia kabla haijauzwa. Mwaka 1870 Waosage walikubali, kwa kusukumwa, kuondoka na kuhamia nchi ambayo leo ni jimbo la Oklahoma. Nao walikuwa na akina mama waliobeba watoto na vyombo njiani. Sisi wa Afrika tunalifahamu neno mlowezi, na tunajua machungu yake. Kumsifu Caroline kwa uvumilivu wake hakutuzuii kuwakumbuka akina mama wale. Hata katika koo zetu, tunaposema babu "alikuta pori tupu," ni vizuri kuuliza kama kweli lilikuwa tupu.

Mwaka 1871 Caroline na Charles nao waliondoka Kansas, wakarudi Wisconsin.

Nzige, na kaburi la njiani

Mwaka 1874 walihamia Minnesota, karibu na mji wa Walnut Grove. Charles akalima ngano. Kisha wakaja nzige, wakafunika anga kama wingu, wakala ngano, bustani na majani yote. Mwaka uliofuata mayai yakaanguliwa, na taabu ikaanza tena. Charles alilazimika kwenda mbali kutafuta kibarua cha mavuno, akamwacha mkewe na watoto.

Tarehe 1 Novemba 1875 Caroline alijifungua mtoto wa kiume, Charles Frederick, waliyemwita Freddie. Mwaka 1876, wakiwa safarini kuhamia Iowa, ambako wangesaidia kuendesha hoteli, mtoto aliugua. Alifariki tarehe 27 Agosti akiwa na miezi tisa tu. Walimzika Minnesota, nao wakaendelea na safari.

Laura alipokuja kuandika vitabu vya watoto juu ya maisha yao, hakumtaja Freddie ndani yake. Sisi tunaofanya kazi wodini tumewaona akina mama wengi wa namna hii. Mtoto mchanga akifariki, watu husema haraka, "Usilie, utapata mwingine." Caroline alipata mwingine, Grace, aliyezaliwa Mei 1877. Lakini Grace hakuwa Freddie. Mama aliyefiwa usimwambie asahau. Kaa naye, mtaje mtoto kwa jina lake, mwache alie.

Macho ya Mary

Mwaka 1879, wakiwa wamerudi Walnut Grove, Mary alishikwa na homa kali na maumivu makali ya kichwa. Alikuwa na miaka 14. Alipona, lakini akawa kipofu. Kwa miaka mingi wasomaji waliamini kwamba ilikuwa homa ya vipele vyekundu, kama kitabu kinavyosema. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walichunguza barua na magazeti ya wakati ule, wakaona kwamba yaelekea ulikuwa uvimbe wa ubongo na utando wake uliosababishwa na virusi. Akina mama, tusisitize hapa: mtoto mwenye homa pamoja na maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, degedege au kupoteza fahamu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje asubuhi.

Caroline na Charles hawakumficha binti yao ndani. Baba alimwagiza Laura awe macho ya dada yake, amweleze kila anachokiona: rangi ya machweo, nguo za wageni, nyasi zinavyoinama kwa upepo. Mwaka 1881 walimpeleka Mary chuo cha vipofu huko Vinton, Iowa. Alijifunza kusoma maandishi ya nukta nundu, muziki na kazi za mikono, akamaliza mwaka 1889. Kabla ya hapo walikuwa wamehamia Dakota, katika mji mpya wa De Smet, na kunusurika baridi kali ya mwaka 1880 hadi 1881. Treni zilikwama kwenye theluji kwa miezi. Walisaga ngano kwa kinu cha kahawa, wakasokota nyasi kavu kuwa kuni.

Huko Dakota Charles alipata ekari 160 kwa sheria ya mwaka 1862, iliyomtaka mtu akae na kulima miaka mitano. Lakini moyo wake ukaanza tena kutazama magharibi. Safari hii Caroline alisema hapana. Watoto wanahitaji shule, na yeye amechoka kuanza upya. Charles alimsikiliza. Walijenga nyumba mjini, wakawa miongoni mwa waanzilishi wa kanisa lao, wakaishi De Smet hadi mwisho. Mke mnyenyekevu si mke asiye na neno. Caroline alikuwa na neno, akalisema kwa wakati wake, na nyumba ikatulia.

Nani atasimulia?

Charles alifariki mwaka 1902. Caroline aliishi na Mary, akipangisha vyumba, mpaka alipofariki tarehe 20 Aprili 1924, akiwa na miaka 84. Laura aliishi mbali, Missouri, na tangu mazishi ya baba yake hakuwa amemwona tena mama. Mwaka uliofuata alimwandikia mama yake mkubwa barua, akimwomba amsimulie habari za utoto wao na Caroline. Mwenye kuulizwa hasa alikuwa amekwenda. Kitabu cha kwanza cha Laura kilitoka mwaka 1932, naye akiwa na miaka 65.

Jambo la ajabu ni hili. Caroline alizaa watoto watano, lakini leo hana mzao hata mmoja aliye hai. Mjukuu wake pekee aliyefikia utu uzima, Rose, alifariki mwaka 1968 bila kuacha mtoto. Damu ilikoma. Kinachomfanya Caroline akumbukwe ni kwamba binti mmoja aliandika.

Sisi tuna bahati ya wajukuu na vitukuu, lakini wanajua nini? Mwezi huu, ukienda kumsalimu mama au mama mkwe, chukua daftari. Muulize alizaliwa wapi na mama yake aliitwa nani. Muulize walihama kwa nini, njiani walikula nini, nani aliwapokea, na kabla yao nani aliishi pale. Muulize alizaa wangapi, na umwache awataje hata wale waliozikwa. Asipotaka kujibu siku hiyo, msaidie kupepeta mahindi, urudi siku nyingine. Andika tarehe na majina kamili, kisha wape watoto wasome.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye lishe ya mtoto anayeachishwa ziwa. Kaeni salama.